Nyimbo Mbili za Mpakani na Kodi Tatu za Kinanda

Wacha nianze na aibu yangu, halafu tuingie kwa historia.

Kulikuwa na sherehe ya vijana Kitengela na mimi ndiye nilikuwa kwa kinanda. MC akasema tusimame kwa wimbo wa taifa. Nikajiambia hii ni rahisi. Wimbo nimeuimba tangu nasari, kila Jumatatu na Ijumaa bendera ikipandishwa. Nikaweka vidole pale ninapoviweka kila Jumapili: C, F na G. Hizo kodi tatu zimenibeba miaka mingi.

Watu wakaanza kuimba kwa nguvu. Mstari wa kwanza haujaisha, nikaona nyuso zimekunjamana. Wa pili, nusu ya ukumbi imenyamaza. Wengine walikuwa wanafuata kinanda, wengine wanafuata wimbo wanaoujua, na makundi hayo mawili hayakuwa yanaenda mahali pamoja. MC akaniangalia, akasema kwa maiki, "Tuimbe tu na midomo." Ukumbi ukacheka. Mimi nikazima kinanda.

Nilipanda matatu ya kurudi Namanga nikiwa nimefunga mdomo. Isinya, Kajiado, Bissil, nyumbani. Njia nzima swali lilikuwa moja: mbona kodi ambazo zinakubali karibu kila pambio zimekataa wimbo wa nchi yangu?

Nimelifuata hilo swali kwa muda sasa. Jibu lake linapita kwa Wamaasai wa hapa Kajiado, kwa mhubiri mmoja Uingereza, kwa mwalimu maskini wa Johannesburg, na kwa mama wa Kipokomo anayebembeleza mtoto kando ya Mto Tana. Tulieni.

Kodi ni nini kwanza

Kabla hujaniuliza: kodi ninazosema si za KRA wala za landlord. Nasema zile sauti tatu unazobonyeza kwa pamoja kwenye kinanda.

Kama una kinanda karibu, hata kile cha kwenye simu, fanya hivi. Bonyeza C, ruka kibonyezo cheupe kimoja, bonyeza E, ruka kingine, bonyeza G. Hiyo ni kodi ya C. Peleka mkono huo huo uanzie F: F, A, C. Halafu uanzie G: G, B, D.

Sasa hesabu. Kodi ya kwanza ina C, E, G. Ya pili ina F, A, C. Ya tatu ina G, B, D. Ukiziunganisha unapata A, B, C, D, E, F, G. Yaani sauti zote saba za skeli ziko ndani ya kodi tatu. Wimbo wowote unaotembea kwenye vibonyezo vyeupe, kila sauti yake itapata kodi ya kuilalia. Kwa walioimba kwaya ya solfa: do-mi-so, fa-la-do, so-ti-re. Ya kwanza, ya nne, ya tano. Ndiyo siri ya mapambio na ya sebene ya Kongo, na ndiyo sababu kijana anaweza kujifunza kodi tatu Jumamosi na Jumapili akapewa kiti cha mpiga kinanda.

Lakini kuna kitu hizo kodi tatu hazikwambii. Angalia C. Iko ndani ya kodi ya C, iko ndani ya kodi ya F, na iko pia ndani ya A maina, yaani A, C, E. Sauti ni hiyo hiyo moja. Weka C, E, G chini yake, inasikika kama mtu amefika nyumbani. Weka F, A, C, inasikika kama ametoka nje kidogo, bado yuko kwa ploti. Weka A, C, E, inasikika kama amekumbuka kitu. Mwimbaji hajabadilisha chochote. Aliyebadilisha ni yule wa kinanda.

Kwa hivyo hamoni si mapambo. Ni uamuzi kuhusu maana ya sauti ya mtu mwingine. Shikilia hilo, tutalihitaji.

Kajiado ilikuwa na hamoni yake

Kuna watu wanapenda kusema hamoni ni kitu tulicholetewa na wazungu. Hao hawajawahi kusimama kwenye sherehe ya Wamaasai.

Sikiliza vizuri. Kuna kiongozi wa wimbo, anaitwa olaranyani. Yeye ndiye anatupa mstari, anapandisha, anasimulia. Chini yake kundi zima linashikilia sauti nzito ya kifuani na kooni, inarudi na kurudi kama pumzi. Hakuna ngoma. Mdundo unatoka kwa makoo, kwa kuruka, kwa shanga zinazogongana shingoni. Sauti kadhaa kwa wakati mmoja, kila moja na kazi yake: hiyo ni nini kama si hamoni?

Tofauti ni kwamba hamoni hiyo haisafiri kutoka ya kwanza kwenda ya nne kwenda ya tano halafu kurudi. Sauti ya chini inakaa. Juu ndiko kunatembea. Ni kama wewe umesimama Namanga na kivuli cha mawingu kinapita juu ya Ol Doinyo Orok: mlima hauhami.

Ukivuka mpaka ukaenda mpaka Dodoma, utakuta Wagogo nao wana ya kwao. Wanaimba sauti mbili au zaidi zinazotembea sambamba, zikiwa zimeachana nafasi nne au tano. Marehemu Hukwe Zawose aliipeleka sauti hiyo duniani. Sasa fungua kitabu chochote cha mtihani wa hamoni ya Ulaya. Moja ya sheria za kwanza utakazopewa ni kwamba sauti mbili zisitembee sambamba zikiwa zimeachana nafasi tano. Ukifanya hivyo, kalamu nyekundu. Wagogo wangefeli mtihani huo wote, kijiji kizima, na bado dunia inalipa tiketi kuwasikiliza.

Sisemi sheria ile ni ujinga. Ina sababu: sauti zikitembea sambamba hivyo, sikio linaanza kuzisikia kama sauti moja nene, na watunzi wa Ulaya walitaka kila sauti isikike kivyake. Ni ladha ya watu fulani wa wakati fulani. Shida ni pale ladha ya watu fulani inapofundishwa kama sheria ya Mungu.

Do re mi inashuka melini

Wamishonari walianza mapema. Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na Rabai ikawa kituo 1846. Freretown ikaanzishwa miaka ya 1870 kwa watumwa waliokombolewa. Kaimosi ikaja 1902, Maseno 1906. Kila kituo kilikuwa na kanisa, kila kanisa lilitaka nyimbo, na nyimbo zenyewe zilikuwa za sauti nne: soprano, alto, tena na besi.

Piano ilikuwa kitu kizito cha kubeba kutoka pwani hadi bara. Kinanda kidogo cha kupulizwa kwa miguu kilibebeka, lakini hicho nacho kilikuwa kimoja kwa kanisa zima. Kilichosambaa kuliko vyombo vyote kilikuwa karatasi.

Uingereza kulikuwa na mwalimu wa muziki anaitwa Sarah Glover, wa mji wa Norwich. Alitengeneza njia ya kuwafundisha watoto kuimba kwa herufi badala ya zile noti za mistari mitano, na kitabu chake kilitoka 1835. Mhubiri John Curwen akaichukua njia hiyo miaka ya 1840, akaifanyia marekebisho, akaisambaza. Ndiyo solfa tunayoijua: d, r, m, f, s, l, t. Faida yake ilikuwa ya kimaskini na ndiyo maana ilishinda. Huhitaji mashine maalum ya kuchapisha noti, herufi za kawaida zinatosha. Huhitaji kinanda. Mwalimu mmoja, ubao, chaki, na kwaya ya sauti nne inazaliwa chini ya mti.

Hadi leo kuna kwaya nyingi za Kenya na Tanzania ambazo walimu wake wanaandika solfa ubaoni. Kama mama yako aliimba kwaya, muulize. Kuna uwezekano mkubwa hajui C iko wapi kwa kinanda, lakini atakuimbia "so-so-la-so" bila kufikiria.

Lakini pamoja na herufi ilikuja nyumba yake. Nyimbo nyingi zilizotafsiriwa, zile tunazozipata leo kwenye Tenzi za Rohoni, ni za meja, na zinaishi kwenye ya kwanza, ya nne na ya tano. Vizazi vitatu, vinne, vikaimba hivyo kila Jumapili. Sikio likazoea. Mimi nilipokaa kwa kinanda Kitengela na kuanguka moja kwa moja kwenye C, F na G, hiyo haikuwa chaguo langu. Nilikuwa narudia kitu kilichoanza zaidi ya miaka 100 kabla sijazaliwa.

Mwalimu wa Johannesburg

Hapa ndipo wimbo wa kwanza wa mpakani unaingia.

Mwaka wa 1897, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, anaitwa Enoch Sontonga, alitunga wimbo wa kwaya kwa wanafunzi wake. Aliuandika kwa solfa. Ukauita Mungu aibariki Afrika, kwa lugha ya Kixhosa. Mwaka wa 1912 ukaimbwa kwenye mkutano wa kuanzishwa kwa chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Mwaka wa 1923 Sol Plaatje akaurekodi London. Lakini Sontonga mwenyewe hakuona hata moja ya hayo. Alikufa 1905, akiwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Kaburi lake lilisahaulika kiasi kwamba lilibidi kutafutwa, na ndipo mwaka wa 1996 likawekewa mnara Johannesburg.

Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, wimbo huo ukawa wa taifa kwa Kiswahili: Mungu Ibariki Afrika. Tuni hiyo hiyo ikawa ya Zambia, na sehemu yake iko kwenye wimbo wa Afrika Kusini wa leo.

Sasa kaa kwa kinanda uusikilize kama mpiga kinanda. Ni meja. Sehemu yake kubwa inalala vizuri kabisa kwenye zile kodi tatu. Yaani ni mtoto halali wa solfa ya misheni, na hilo mtu anaweza kulisema kwa dharau. Mimi silisemi kwa dharau. Sontonga alipewa nyumba iliyojengwa na wengine, akaingia, akaweka ndani yake ombi ambalo hakuna mmishonari aliyeliandika. Wakoloni walijenga shule wapate makarani na waumini, wakapata wimbo wa kuwaaga.

Kwa hivyo upande ule wa mpaka wetu, hatua chache tu baada ya kituo cha pamoja kilichofunguliwa rasmi Desemba 2018, mpiga kinanda wa kodi tatu hapati aibu. Ningekuwa nimepiga wimbo wa Tanzania siku ile, ningepigiwa makofi.

Watu watano na bembelezo moja

Upande huu, mambo yalikuwa tofauti.

Mwaka wa 1963 Kenya ikikaribia uhuru, iliundwa kamati ya watu watano kutengeneza wimbo wa taifa. Majina yao: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Yasome tena, kwa sababu shuleni wengi wetu tuliimba wimbo wao miaka kumi na miwili bila kuambiwa.

Hyslop alikuwa Mwingereza aliyekuwa akishughulikia muziki na maigizo Kenya, na si mgeni kwa lugha yetu: aliandika michezo ya kuigiza kwa Kiswahili, kama Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu. Senoga-Zake alizaliwa Uganda, baadaye akaandika kitabu kuhusu muziki wa asili wa Kenya. Kalume alikuwa mtu wa Pwani. Omondi baadaye alifanya utafiti wa udaktari kuhusu thum, ile nyatiti ya Wajaluo. Hawa watu walijua solfa, walijua hamoni ya vitabuni, na walijua pia kwamba nje ya vitabu kuna muziki.

Wangeweza kutunga maandamano ya mabeberu: ta-ra-ra, meja, tarumbeta mbele. Nchi nyingi zilifanya hivyo. Badala yake walichukua wimbo ambao akina mama Wapokomo wa Mto Tana waliimbia watoto wao. Bembelezo. Jina linalotajwa mara nyingi kuhusu wimbo huo ni la Mzee Meza Moroa Galana, Mpokomo wa Tana River. Na wimbo huo unakaa kwenye maina.

Hapo ndipo nilipoanguka. Nilipobonyeza kodi ya C, watu walichukua C kama nyumbani, wakaanza kuimba maina kutoka hapo, kwa sababu ndivyo wimbo ulivyo vichwani mwao. Mimi nilikuwa napiga E. Wao walikuwa wanaimba kile kibonyezo cheusi kilicho kushoto kwa E. Tulitofautiana nusu hatua moja tu, hatua ndogo kuliko zote kwenye kinanda, na nusu hatua hiyo ikatosha kuvunja ukumbi.

Hebu hesabu vibonyezo, vyeupe na vyeusi pamoja. Kutoka C hadi E ni nusu hatua nne, E hadi G ni tatu. Hiyo ni meja: nne, halafu tatu. Shusha kidole cha katikati nusu hatua moja. Sasa ni tatu, halafu nne. Hiyo ni maina. Vidole vya pembeni havijaguswa. Nyumba ina mlango ule ule na paa lile lile, umebadilisha tu taa ya sebuleni.

Nilikaa na hilo wiki nzima. Nikashusha kidole cha katikati kwenye kodi ya C. Nikakishusha kwenye kodi ya F, kwa hivyo badala ya A nikabonyeza cheusi kilicho kushoto kwake. Kodi ya G nikaiacha vile ilivyo, kwa sababu B ndani yake inavuta sikio kurudi C, na bila mvuto huo wimbo unaelea. Nikaanza kuimba polepole. Manze, ulikuja. Sio wote, kuna mahali katikati panahitaji kodi zingine ambazo bado nazitafuta, lakini ulikuja. Na kwa mara ya kwanza nilisikia kwamba wimbo wetu wa taifa haupigi kelele. Ni mama anaomba, mtoto yuko mgongoni.

Fikiria uamuzi huo. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, pale Uhuru Gardens, bendera ya Uingereza ikishuka na ya Kenya ikipanda, tuni iliyosikika ilikuwa ya kulaza mtoto. Ilikuwa imevalishwa kodi za kinanda na bendi, ndiyo, lakini haikulazimishwa iwe meja ndiyo isikike ya ushindi. Wale watano walikuwa na uwezo wa kubadilisha maana ya sauti ya yule mama. Walitumia uwezo huo kwa kiasi. Naamini huo ndio ustadi.

Upande mwingine wa shilingi

Lakini tusijidanganye, kuna deni hapa. Majina ya kamati yameandikwa. Akina mama walioimba bembelezo hilo vizazi na vizazi hawana jina hata moja kwenye kitabu cha shule. Aliyeweka kodi alibaki kwenye historia. Aliyeleta wimbo akawa "wimbo wa kienyeji".

Na si mambo ya zamani tu. Kuna wakati video ya vijana wa Kenya yenye wimbo wetu wa taifa ilipigwa dai la hakimiliki YouTube na kampuni ya muziki ya Uingereza. Wakenya tulikasirika mtandaoni, na tulikuwa na haki ya kukasirika. Lakini ni wangapi kati yetu tuliouliza wimbo ulitoka kwa nani kabla ya Kenya kuuchukua? Tulilinda kilicho chetu bila kutaja Wapokomo.

Kinanda si adui, na si mfalme

Najua kuna mtu ataandika hapo chini: "Basi tuachane na kodi za wazungu." Ngoja kwanza.

Neno kinanda lenyewe ni la zamani kwenye Kiswahili. Kabla halijawa la piano, pwani lilikuwa jina la chombo cha nyuzi. Na vinanda vya kubonyeza vilipoingia taarab ya Mombasa, ile ya kina Juma Bhalo yenye ladha ya sinema za Kihindi, hamonia haikupewa kazi ya kodi tatu. Ilifuata sauti ya mwimbaji, ikapinda naye, ikamjibu. Chombo ni kile kile cha kanisani, kazi ni tofauti kabisa. Kwa hivyo vibonyezo havikulazimishi kitu. Tabia ya mkono ndiyo inakulazimisha.

Na tabia ya mkono wetu, kizazi chetu, tuikubali. Vinanda vya umeme vimejaa makanisani, na vina kitufe cha transpozi, kile cha kupandisha na kushusha wimbo bila kuhamisha vidole. Tunajifunza C, F, G, halafu kitufe kinafanya kazi iliyobaki. Vina pia mdundo wa kujipiga wenyewe: shika kodi moja, bendi nzima inakuja. Mimi nimeishi hivyo. Unasikika umeiva miezi mitatu, halafu unakaa pale pale miaka mitano. Siku wimbo unatoka kwenye nyumba nyingine, unazima kinanda mbele ya watu.

Mwalimu wa solfa chini ya mti hakuwa na kinanda, lakini alijua kila sauti inafanya kazi gani. Sisi tuna kinanda na hatujui. Hapo ndipo tumerudi nyuma, na si kosa la mzungu.

Kama unaanza leo

Maoni yangu, na unaweza kuyapinga: usianze na pambio la haraka. Anza na zile nyimbo mbili za mpakani.

Wiki ya kwanza chukua wa Tanzania. Tafuta C, F, G zako. Usiruke-ruke na mkono. Piga kodi ya C ukianzia chini na G: G, C, E. Ukienda F, acha C ikae, sogeza zile zingine kidogo: A, C, F. Ukienda G, shuka: G, B, D. Rudi G, C, E. Utaona vidole vinatembea hatua fupi, kama watu wa kwaya wanaoshika sauti zao. Hiyo ndiyo alto na tena ya mama yako, sasa iko mkononi mwako.

Wiki ya pili chukua wa Kenya. Shusha E ya kodi ya C na A ya kodi ya F nusu hatua moja. Acha G. Imba ukipiga, kwa sauti, hata majirani wacheke. Mahali sikio linakataa, simama. Usibonyeze transpozi. Jiulize: sauti anayoimba mtu hapa iko ndani ya kodi gani tatu? Jaribu zote. Chagua inayosema kile wimbo unasema.

Wiki ya tatu, funga kinanda, panda gari uende mahali Wamaasai wanaimba, ukiomba ruhusa vizuri, na usikilize ile sauti ya chini isiyohama. Ukirudi, shika C na G kwa mkono wa kushoto, usizibadilishe, na utembeze mkono wa kulia juu yake. Hakuna kodi tatu hapo. Kuna mlima na mawingu.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sina cheti cha kukuonyesha kwamba niko sawa. Nina tu nusu hatua moja iliyonifunza adabu. Sherehe ya Kitengela itarudi na nimeshawaambia nataka kiti changu cha kinanda. Safari hii, kabla ya kupiga, nitaomba maiki nitaje Mto Tana.

Sasa niambieni: nyumbani kwenu kuna wimbo gani wa kubembeleza mtoto, na ni nani aliyewaimbia? Andikeni jina lake hapo chini. Jina kwanza, kodi tutatafuta pamoja.